Virutubisho vya mimea kwa wapiga chuma: kipi ununue kwanza na kipi ukiache shelfuni

Kabla hujatoa hela geuza kopo. Mbele wameandika nguvu, misuli, asili asilimia 100, kuna jani la kijani na mkono uliojaa mishipa, na vyote hivyo havinyanyui hata kilo moja. Ukweli kama upo uko nyuma. Mimi siku hizi nikikuta nyuma wameandika "mchanganyiko maalumu gramu 6" halafu yanafuata majina tisa ya mimea bila kusema kila mmoja uko kiasi gani, narudisha kopo pale pale. Niliwahi kununua moja la aina hiyo, nikalitumia miezi miwili bila kuruka siku, na daftari langu la mazoezi linaonyesha skwati ilianza kilo 90 ikaishia kilo 90, nilipowaandikia wauzaji kuuliza ndani kuna kafeini miligramu ngapi hawakujibu mpaka leo. Iliniuma sana, hela ile ingeninunulia protini ya miezi hiyo yote miwili.

Haya, tuanze na namba moja ambayo ni unga wa protini ya mimea. Misuli inajengwa na protini, na mtu anayepiga chuma analenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani ukiwa na kilo 70 ni gramu 112 hivi. Kama chakula chako kinakufikisha hapo basi unga huuhitaji, usinunue, ila wengi wasiokula nyama na maziwa wakihesabu kwa uaminifu wanakuta wamepungukiwa gramu 30 au 40, na hapo ndipo unga unafanya kazi. Ile hofu kwamba protini ya mimea ni dhaifu kwa misuli imeshapimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Brazili walichukua vijana wa kiume 38, 19 hawali kabisa kitu cha mnyama na 19 wanakula kila kitu, wakawafanyisha mazoezi ya miguu wiki 12, wa kwanza wakaongezewa soya na wa pili protini ya maziwa mpaka wote wakafika hiyo 1.6, na mwisho nguvu na misuli vikaongezeka sawasawa. Ufaransa nao 2015 walipima wanaume 161, njegere gramu 25 mara mbili kwa siku kwa wiki 12, unene wa misuli ya mbele ya mkono haukupishana na wa waliokunywa protini ya maziwa.

Sasa soya, njegere au mchele? Mimi nachukua soya kwanza kwa sababu amino asidi zake, yaani vile vipande vidogo vinavyounda protini, zimekamilika vizuri, halafu mchanganyiko wa njegere na mchele, kwa kuwa njegere ina methionini kidogo na mchele una laisini kidogo kwa hiyo vinazibiana. Mchele peke yake nauweka mwisho. Kitu cha kukumbuka ni lusini, ile amino asidi inayoiambia misuli ianze kujijenga, kwenye mimea iko chini kidogo kuliko kwenye maziwa, dawa yake ni rahisi tu, badala ya kupima gramu 25 pima 30 mpaka 40. Na wanaume wanaoogopa soya itawashushia homoni wasiwe na wasiwasi, tafiti nyingi zimekusanywa na kuchambuliwa pamoja na testosteroni haishuki.

Ila kuna jambo moja kwenye unga wa mimea ambalo silichukulii kirahisi, ni risasi na kadmiamu. Mmea unavuta madini haya kutoka kwenye udongo, ukikausha na kukamua protini yanabaki humo, na mara nyingi ladha ya chokoleti inakuja na zaidi kwa sababu kakao nayo inayo. Ndiyo maana natafuta kopo lenye alama ya kupimwa na mtu wa tatu, yaani maabara isiyo ya kiwanda wala ya muuzaji. Alama ya NSF Certified for Sport inaangalia uchafuzi wa namna hii na pia dawa zilizokatazwa michezoni, Informed Sport yenyewe imejikita zaidi kwenye hizo dawa zilizokatazwa. Msidhani serikali imeshafanya hiyo kazi, hata Marekani kwa sheria yao ya 1994 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haiidhinishi kirutubisho kabla hakijaingia sokoni, mwenye kiwanda ndiye anayewajibika.

Na wakati wa kuchanganya tia maji kwanza halafu unga. Ukianza na unga, ule wa njegere unaganda chini ya chupa kama udongo wa mfinyanzi, unatikisa mpaka mkono unachoka na bado ukifika mwisho unatafuna mabonge.

Namba mbili ni kreatini, kitu ambacho misuli inakitumia kupata nguvu ya haraka. Najua haitoki kwenye mmea, inatengenezwa kiwandani kwa kemikali, lakini haina kitu cha mnyama ndani yake na ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko vyote kwa upande wa nguvu, tungekuwa tunapanga kwa hilo peke yake ingekaa juu. Tena asiyekula nyama ndiye anayeihitaji zaidi, maana nyama na samaki ndiko kreatini ya chakula inakotoka na misuli yake huwa na akiba ndogo. Nunua ile ya kawaida, kreatini monohaidreti, ya unga, gramu 3 mpaka 5 kila siku, saa yoyote, basi. Zile aina zenye majina marefu na bei ndefu hazijaipita. Kwa nini ya unga? Kwa sababu ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, mtu anakwepa nyama mwaka mzima halafu anaimeza asubuhi bila kujua. Hili liangalie kwenye kila kirutubisho cha kapsuli, siyo kreatini tu.

Ya tatu kafeini. Hii ni ya mmea kweli, iko kwenye kahawa, chai, guarana, na inasaidia, siyo muujiza lakini baa inakuwa nyepesi kidogo na ile seti ya mwisho unaimaliza. Miligramu 3 kwa kilo ya mwili zinatosha kuanzia, saa moja kabla ya mazoezi, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema 2015 mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku, mjamzito asipite 200 kwa siku nzima. Kosa ninaloliona ni watu kutojumlisha, lebo inasema kafeini 150, mstari wa chini guarana, wa chini yake tena chai ya kijani, zote hizo ni kafeini! Nusu yake bado iko mwilini baada ya kama saa tano, kwa hiyo ukipiga chuma jioni iache, usingizi unaoupoteza ndio ungekujengea huo mwili. Na tafadhali sana usinunue kafeini tupu ya unga wa kupima mwenyewe, kijiko kimoja cha chai FDA wanakilinganisha na vikombe 28 vya kahawa, watu wameshakufa kwa hilo.

Nne naweka bitiruti. Ina naitreti, bakteria wa mdomoni wanaibadilisha, mwisho mishipa inatanuka na misuli inapata damu vizuri. Usitegemee iongeze uzito wako wa mara moja wa juu kabisa, faida yake inaonekana zaidi kwenye kurudia, unapata moja au mbili za ziada kabla hujachoka. Kinachonikera ni kwamba bidhaa nyingi hazisemi naitreti ni kiasi gani, zinasema tu "bitiruti gramu 5", na kiasi kinatofautiana mno kati ya kampuni na kampuni. Tafuta iliyoandika miligramu 400 za naitreti hivi, kunywa saa mbili mpaka tatu kabla, na usisukutue kwa dawa ya mdomo ile ya kuua vijidudu, utakuwa umewaua wale wale wanaokufanyia kazi. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke.

Ashwagandha, mzizi wa dawa za asili za India, ndiyo inanipa shida kuipanga. Kuna utafiti wa 2015 kwa vijana 57, miligramu 300 za mzizi mara mbili kwa siku kwa wiki 8, na waliokunywa waliongeza benchi kuliko wenzao, kwa hiyo siwezi kusema ni bure. Lakini walikuwa hawana uzoefu mkubwa wa chuma, na mtu mpya anaongezeka kwa chochote. Halafu kuna ripoti za ini kuumia, na Denmark waliipiga marufuku 2023. Ukiwa na tatizo la tezi ya shingo au ini, au una mimba, hii siyo yako. Kwa mtu mzima mwenye afya naiweka ya tano, baada ya hizo nne, siyo kabla.

Uwatu una matokeo ya kuchanganya na jasho linanuka utamu fulani hivi, sioni sababu ya kukimbilia.

Mbigili, ile tribulus wanayoiuza ya kupandisha testosteroni, achana nayo kabisa. 2007 waliijaribu kwa wachezaji 22 wa ragbi ligi wa Australia, miligramu 450 kwa siku kwa wiki 5, haikuongeza nguvu wala homoni zaidi ya vidonge visivyo na dawa ndani walivyopewa wenzao wa kulinganisha. Vidonge vya chai ya kijani vya kuyeyusha mafuta navyo viwe mbali, kuanzia miligramu 800 za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, kwa siku kuna dalili za ini kudhurika. Na zile za mchicha, zenye kemikali iitwayo ekdisteroni, shirika la kupambana na dawa michezoni WADA linazifuatilia tangu 2020, mshindani aulize kwanza.

Ukinunua anza na kitu kimoja, programu ile ile, uandike kilo na marudio kwa wiki nne ndipo uongeze cha pili, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Na ya protini chukua pakiti ndogo kwanza, ladha ya njegere wengine hawaiwezi, na kopo la kilo mbili likishafunguliwa hawalirudishi.