Ocean's Thirteen: uzoefu wangu, na namna ya kuitazama bila kuiharibu

Katika zile muvi tatu za Ocean's alizoongoza Steven Soderbergh, hii ya 2007 ndiyo ninayompa mtu wa hapa Kisumu akiniomba muvi ya wizi wa kasino yenye suti nzuri, taa na akili. Ya 2001 ina mpango uliofungwa vizuri zaidi, hilo nakubali. Ya 2004 ilihamia Ulaya na kasino yenyewe ikabaki pembeni. Ya tatu inarudi Las Vegas, na safari hii sefu si shabaha kuu: vijana wa mwizi Danny Ocean wanataka kumfilisi mwenye kasino mpya usiku uleule wa ufunguzi wake.

Chanzo ni dhuluma. Willy Bank, mwenye kasino hiyo (Al Pacino), anamnyang'anya mzee Reuben wa kundi la Danny fungu lake katika hoteli mpya, na Reuben anaanguka kwa mshtuko wa moyo. Danny anampa Bank nafasi ya kurekebisha. Bank anakataa.

Utamu wa yanayofuata unategemea kuelewa kasino inakulaje. Ruleti ya Marekani ina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1. Mwanya huo mdogo unaiachia kasino shilingi 5 na zaidi katika kila 100 zinazowekwa mezani, usiku kucha, bila kumdanganya mtu. Anayeshinda akibaki amekaa, pesa zinarudi zilikotoka. Kwa hiyo kuwafanya wachezaji washinde ni nusu tu ya kazi. Lazima pia watoke mlangoni na ushindi wao mfukoni. Ndiyo sababu ya tetemeko la bandia na ile mashine kubwa ya kuchimba chini ya ardhi. Wengi huona tetemeko ni mbwembwe za kujaza skrini, kumbe bila hilo hesabu nzima inaanguka.

Angalia pia Greco, mfumo wa kompyuta unaolinda kasino. Unasoma mboni za macho na mapigo ya moyo ya mchezaji ili kujua kama kweli ameshangaa kushinda. Anayejua kwamba atashinda hashangai, basi kumhonga mgawa karata hakutoshi. Inabidi Greco wenyewe uzimwe, na kifaa cha kuuzima kinafichwa ndani ya simu ya kifahari inayofikishwa kwa Bank. Kila kikwazo kinazaa kazi ya mtu mwingine: Virgil yuko kiwandani Mexico kuchezea malighafi ya kete, Livingston anahangaika na mashine za kuchanganya karata, Basher yuko chini na mashine ya kuchimba. Huo ndio mvuto hasa, kuona mafundi kumi na kitu, kila mmoja na kipande chake, na kipande kimoja kikivunjika wote wanakwama. Mashine ya kuchimba inavunjika kweli, pesa zinaisha, wanalazimika kumwendea adui yao wa zamani, Terry Benedict, awakopeshe.

Hapo ndipo pia muvi inapojaza gunia kupita kiasi. Benedict anataka almasi za Bank ziibwe vilevile, na kutoka sharti hilo tunapata Linus mwenye pua ya bandia akimlainisha meneja Abigail Sponder kwa harufu ya dawa. Ellen Barkin anaigiza meneja anayeijua kazi yake barabara, kisha anaishia kupepesuka kwa ashki. Ni sehemu dhaifu kuliko zote, na muvi yenye wanawake wachache hivi ilipaswa kumheshimu zaidi.

Sasa kuitazama. Danny na msaidizi wake Rusty huzungumza kwa nusu sentensi, mmoja anaanza na mwenzake anaelewa kabla hajamaliza. Nyumba ya mabati, mvua ya jioni ikishuka kutoka upande wa ziwa, hutasikia kitu, kwa hiyo anza mchana au vaa spika za masikioni. Kama muziki unavuma na maneno yananong'ona, sauti ya chaneli sita inapitia kwenye spika mbili. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague stereo.

Maandishi ya chini yana mtego wake. Kenya tulirithi mfumo wa PAL, na diski ya PAL huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 122 za sinema zinakuwa kama 117. Maandishi uliyotoa mtandaoni yakiwa yamepimwa kwa 24, nusu saa ikifika yatakuwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Kubonyeza G kwenye programu ya VLC kutayafanya yatokee mapema, lakini baada ya dakika kumi yatakuwa yamechelewa tena, kwa sababu pengo linakua. Tafuta faili la 25.

Picha ya runinga iweke kwenye hali ya Movie au Cinema. Soderbergh aliipiga mwenyewe, kwa jina la Peter Andrews, na kuijaza nyekundu na dhahabu. Kwenye Vivid ile nyekundu inakuwa bonge moja na nyuso zinaonekana kama zimeungua. Usikuze picha kuondoa mistari myeusi juu na chini, maana skrini inapogawanywa vipande, watu wa pembeni wanakatwa.

Zile za DJ, zenye sauti ya mtu anayesimulia juu ya picha, zinazouzwa mitaani ningeziacha kwa muvi hii. Kwa ngumi na mateke DJ anaongeza ladha. Hapa anakwambia mapema nani ana nini mfukoni, na muvi inaishi kwa kukuficha hilo.

Usizime mapema. Yule mkaguzi wa hoteli, waliyemtesa kwa harufu na vipele ili Bank akose tuzo ya Almasi Tano, hulipwa fidia yake uwanja wa ndege, kwenye mashine ya kamari ya sarafu, dakika za mwisho kabisa.