Huduma ya meno shuleni, uzoefu wangu mzazi wa Arumeru

Binti yangu anasoma darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali huku Arumeru, upande ule ambao maji yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa, na ukicheka tu, mtu wa Dar anajua umetoka wapi. Timu ya afya ya kinywa na meno ilipopita shuleni kwao nami nilikwenda, kwa kuwa sikutaka mtoto ang'olewe jino nisipokuwepo.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba tabibu hakuishia kuhesabu matundu. Alituonyesha tofauti ya jino lililooza na jino lenye madoa ya floraidi. Madoa hayo huingia jino la kudumu likiwa bado linajengeka ndani ya taya, hivyo hakuna mswaki utakaoyatoa. Huku watoto husugua kwa mkaa mpaka fizi zinavuja damu, na bado wanaitwa wachafu! Mzazi mmoja aliambiwa, "Mama, huyu mtoto ni msafi, msimsumbue."

Kisha akaingia kwenye maji. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Mtoto mdogo apewe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa (mifupa ya wanyama iliyochomwa) kama wanavyofanya kwenye kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto. Aliposema magadi nayo yana floraidi, akina mama tulitazamana. Makande bila magadi yanamaliza kuni, jamani.

Binti yangu alikutwa na tundu kwenye gego la kudumu, lile linaloota kwenye miaka sita nyuma ya meno ya utoto, na wengi tunadhani litang'oka lenyewe. Walilisafisha kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala sindano ya ganzi, wakaliziba palepale. Hakulia, akarudi darasani.

Sasa kasoro. Taarifa tuliletewa na watoto kwa mdomo, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Ambao wazazi wao hawakusaini fomu ya ridhaa walipimwa tu, hawakutibiwa. Waliohitaji matibabu makubwa walipewa karatasi ya rufaa, na kwa wengi safari iliishia hapo: msamaha wa malipo ni kwa walio chini ya miaka mitano, matibabu ya mwanafunzi analipa mzazi, na nauli ni juu yako.

Na somo la maji, kwa maoni yangu, linachelewa. Mtoto wa darasa la tatu meno ya mbele yameshatoka na madoa yake. Wangelipeleka kliniki, kwa akina mama wenye watoto wachanga, lingefaa zaidi.

Kwa ujumla naipa nyota nne kati ya tano. Wakija shuleni kwenu, saini fomu mapema, mtoto ale kabla ya kwenda, na uulize hali ya lile gego la miaka sita.