Diski inayokufa: kunakili mafaili au kutumia ddrescue?

Kunakili mafaili kwenda flashi kunafaa ukihitaji folda moja tu na diski bado inasoma vizuri. Ikikutana na sekta mbovu (kipande cha diski kisichosomeka), kompyuta huganda ikiisoma ileile tena na tena, na diski inazidi kuumia.

Kwa picha za harusi au hesabu za duka, tumia ddrescue, programu ya Linux inayonakili diski yote kuwa faili moja: huvuna kwanza sehemu nzima, mbovu huziacha mwisho. Hakikisha jina la diski (hapa ni /dev/sdb) kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kisha:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Rudia ukiweka -r3 badala ya -n. Tunza ramani.map, faili linaloweka kumbukumbu ya kilichosomwa; umeme ukikatika, utaendelea ulipoishia. Diski ya GB 500 inataka nafasi kama hiyo kwenye diski nyingine, isiwe na mfumo wa mafaili wa FAT32, maana haupokei faili la GB 4 au zaidi. PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyopotea, iendeshe kwenye nakala.img tu.

Diski ikigonga tak-tak, izime mara moja. Njia zote mbili zitaimaliza.