Breki za V kwenye usukani wa resi: miezi kumi na minne, kutoka Tabata hadi Lushoto

Fremu niliinunua Ilala kwenye mitumba: ya chuma, ya magurudumu ya inchi 26, rangi imechubuka lakini viungo vyake havina ufa hata mmoja. Zamani ilikuwa baiskeli ya milimani. Mimi nilitaka baiskeli ya safari, ya kubeba mabegi manne na kunitoa Dar hadi Tanga na milima ya Usambara. Na nilitaka usukani wa resi, ule uliopinda chini kama pembe za kondoo, kwa sababu nikishika usukani mnyoofu zaidi ya saa mbili vidole vinakufa ganzi. Keria, madigadi na siti vilipatikana ndani ya wiki moja. Breki zilinichukua miezi mitatu.

Fremu ilikuja na breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayosimama pande zote za tairi. Zilikuwa nzima, nikaziacha. Leva nilizitoa kwenye baiskeli kuukuu ya resi. Nilipozijaribu uani nyumbani zilishika, nikaridhika. Siku ya pili niko Barabara ya Mandela, nakaribia Buguruni, daladala ikasimama ghafla mbele yangu kuchukua abiria. Nikabana leva mpaka zikagusa usukani, na baiskeli bado inakwenda. Nilikwepa kushoto, nikaishia kwenye kokoto za pembeni nikiwa salama, lakini mikono ilitetemeka mpaka nafika nyumbani.

Fundi wangu wa Gerezani hakuhitaji hata kuipanda. Alichukua kalamu, akatia alama kwenye waya, akaniambia nibane leva. Alama ikasogea kidogo tu. Akachukua leva ya baiskeli ya milimani iliyokuwa kwenye boksi lake, akafanya vilevile, alama ikasogea karibu mara mbili.

"Umeona, kaka? Leva yako inavuta waya kidogo, breki yako inataka waya mwingi. Hawa hawawezi kuelewana."

Hilo ndilo jambo ningependa kila anayejenga baiskeli ya aina hii alijue kabla hajatoa hela. Leva za resi zimetengenezwa kwa breki zinazohitaji waya mfupi. Breki za V zina mikono mirefu, kwa hiyo raba zake zinataka waya uvutwe kama mara mbili ndipo zifike kwenye ringi kwa nguvu. Ukilazimisha ndoa hiyo, itabidi usogeze raba mpaka ziko milimita moja tu kutoka kwenye ringi, na barabara zetu haziachi ringi ikae imenyooka kiasi hicho. Shimo moja la Vingunguti na raba inaanza kukwaruza.

Kuna kapi dogo linalofungwa kwenye breki ili kuongeza mwendo wa waya. Nililitumia wiki mbili. Linafanya kazi, ila waya unapinda sana kwenye kile kigurudumu, na nilipoukagua nikakuta nyuzi mbili zimeshaanza kufumuka. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni pengine ningevumilia. Kwa baiskeli yenye kilo 20 za mizigo inayoshuka mlima, hapana. Breki za V zenye mikono mifupi zinakubaliana vizuri na leva za resi, lakini waya wake unapita chini mno, na mimi nina tairi nene na digadi juu yake. Nafasi haitoshi.

Kantileva, zile za mikono miwili inayovutwa na waya mdogo wa katikati, nilizipa mwezi mzima, kwa sababu ndizo breki za jadi za baiskeli za safari na zinaelewana na leva za resi bila ubishi. Nguvu yake niliipenda. Kilichonishinda ni kuzirekebisha: kila raba ina pembe yake, na kila ukigusa boliti moja nyingine inahama. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nayo ilitetemeka kila niliposhika breki ya mbele kwa nguvu. Na kama unazo, tafadhali usiondoe digadi la mbele. Waya mkuu ukikatika, ule waya mdogo unaounganisha mikono miwili unaweza kuangukia kwenye tairi na kufunga gurudumu ukiwa mwendoni. Digadi ndilo linalouzuia.

Disiki, zile zinazobana sahani ya chuma kwenye kitovu cha gurudumu, nilizitamani sana. Fundi alikataa kuchomelea kishikio chake kwenye foku yangu, na nashukuru alikataa. Disiki inasukuma mkono mmoja tu wa foku, kwa chini kabisa, na foku ya breki za ringi haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo mahali hapo.

Mwisho nikaagiza leva za Tektro RL520. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Uingereza, akaja nazo kwenye begi lake. Kwa umbo ni leva za resi kabisa, lakini ndani zimetengenezwa kuvuta waya mwingi kwa ajili ya breki za V. Ni za breki tu, hazina gia ndani, kwa hiyo gia zangu nimeziweka kwenye ncha za usukani. Raba za zamani nikazitupa, nikafunga za Kool-Stop zenye rangi ya samoni.

Tofauti niliisikia kabla sijatoka getini. Leva inasimama katikati ya mwendo wake na kukaa imara, na vidole viwili vinatosha. Masika ilipoanza, ringi ikiwa imelowa, zilichelewa kidogo raba zikifuta maji, kisha zikashika. Na hazikupiga kelele.

Mtihani wenyewe ulikuwa Lushoto. Nilipita Bagamoyo, Msata, Korogwe hadi Mombo, nikapanda. Siku ya kurudi ndiyo niliyokuwa naiwaza tangu Tabata: takriban kilomita 33 za kona, karibu mita 1,000 za kushuka, mizigo yote juu. Nilishuka kwa kushika kwa nguvu kabla ya kona na kuachia kabisa kwenye kona, mbele na nyuma kwa zamu. Ukiburuza breki muda wote ringi inapata moto, na ringi ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka. Soni nilisimama, nikagusa ringi ya mbele kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai, haikuunguza. Nikanywa maji, nikasubiri ipoe, nikaendelea hadi Mombo bila wasiwasi wowote.

Waya ndio ulionisumbua, na hapa wenzangu wa Dar msikilize. Leva za resi zinapokea waya wenye kichwa kama tunda la peasi. Nyaya nyingi madukani Kariakoo zina kichwa cha pipa, cha leva za usukani mnyoofu, na hakikai. Tafuta ule wenye vichwa viwili, kimoja kila upande: unakata usichokitaka, basi. Mimi natembea na miwili ndani ya mpini wa siti. Nikirudi kutoka pwani ya Kigamboni navua ganda la waya, nafuta chumvi, napaka grisi kidogo, maana hewa ya bahari inakula waya kimyakimya. Raba nazo nazitoa mara moja kwa mwezi na kuchokoa kwa sindano vipande vya alumini vinavyong'aa ndani yake. Ukiviacha, vinaikwangua ringi.

Kama fremu yako inajengwa upya kabisa na foku ni ya disiki, nunua disiki za waya na uachane na haya yangu yote. TRP Spyre inasukuma pedi zote mbili na imetengenezwa kwa leva za resi. Avid BB7 zipo za aina mbili, za resi na za milimani, kwa hiyo muulize muuzaji ni ipi kabla hajakufungia. Haidroli, zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, ni tamu kushika, lakini zile zinazotumia mafuta ya madini zikivuja Handeni utayapata wapi? Waya unapatikana mpaka kwa fundi wa chini ya mwembe.

Kwa fremu yenye vishikio vya breki za V kama yangu, sijaona mpangilio bora kuliko huu. Ringi ya mbele nikiipitisha kidole sasa nasikia bonde dogo limeanza pale raba zinapoila, nami nimeshalipia nyingine. Fundi ataifunga Jumamosi, kabla mvua hazijaanza.