Gari la usiku Nungwi–Kendwa: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Naandika hasa kwa mama na dada wa Lubumbashi wanaoshuka Dar es Salaam kuchukua mizigo Kariakoo, kisha wanavuka Unguja kupumzisha miguu kabla ya barabara ndefu ya Tunduma na Kasumbalesa. Mambo ya boti na vyumba tunaelezana vizuri. Habari za usiku tunafichana, sijui kwa nini.

Nyumba ya wageni tuliyofikia Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mimi na mdogo wangu, ina dereva wake wa usiku. Anakupeleka kwenye disko la ufuko wa jirani, Kendwa, anakungoja, anakurudisha mpaka mlangoni. Bei yake ni kubwa kuliko teksi utakazozikuta nje ya ukumbi, na hawapunguzi hata ukiwabembeleza kwa Kiswahili. Nilijaribu. Walicheka, wakasifu lafudhi yangu, bei ikabaki palepale.

Tulikwenda kwenye sherehe ya mwezi mpevu ya hoteli ya Kendwa Rocks, ile inayofanyika Jumamosi iliyo karibu na mwezi kujaa. Ni ufuko mzima watu: Wazungu, vijana wa Dar, Wakenya, na sisi wawili wa Katanga tuliovaa kupita kiasi. Amapiano, bongo fleva, amapiano tena. Ndombolo ilipigwa moja tu, ikakatwa kabla ya sebene kuchanganya. Mdogo wangu hajamsamehe yule didjei mpaka leo.

Sasa sikieni jambo la maji, maana sisi hatukuzaliwa baharini. Nungwi na Kendwa ni karibu, na maji yakipwa unaweza kutembea kutoka ufuko mmoja hadi mwingine kwa kufuata mchanga. Wageni wengi huenda hivyo jioni, wakiwa na viatu mkononi, wakijisifu wameokoa nauli. Lakini mwezi ukiwa mpevu ni wakati wa bamvua: maji hupwa mno na hujaa mno. Njia uliyopita bila kulowa kifundo, usiku wa manane inaweza kuwa imefunikwa, mawimbi yanapiga kwenye miamba, na wewe umekunywa. Hata pasipo bamvua, sehemu ile ni giza na haina watu. Mhudumu wa mapokezi alituambia kabla hatujauliza: "Dada zangu, kurudi kwa ufukweni hapana." Kuogelea usiku baada ya bia ni hivyo hivyo. Ukizidiwa, kwa muziki ule nani atakusikia? Bahari si ziwa letu la Kipopo kule Lubumbashi.

Kwa hiyo unacholipia ni kurudi. Kabla hatujatoka, dereva alinitumia jina lake na namba ya gari kwa ujumbe. Saa ya kutuchukua tuliiandika kwa tarakimu, 02:00, saa za Zanzibar. Sisi Lubumbashi saa tunazitaja kwa Kifaransa, wao wanahesabu tangu jua kuchomoza, na juu ya hayo wametutangulia saa moja. Tulipotoka, getini palikuwa na kundi la vijana, wale wanaoitwa papasi. "Dada, teksi? Dada, boda? Dada, nikusindikize?" Mmoja alishamshika mdogo wangu kiwiko, kwa tabasamu, kama wanajuana. Dereva wetu alikuwa amesimama chini ya taa, mahali tulipokubaliana hasa, akasema bila kupaza sauti: "Hao wageni wangu, kaka." Mkono ukaachia. Kwangu mimi pesa yote ya gari ilikuwa halali pale.

Upande wa vinywaji sikuona shida kaunta. Niliagiza bia ya chupa, ikafunguliwa mbele yangu, na nilipokwenda chooni chupa ilibaki na mdogo wangu. Ikikaa peke yake, imwage, nunua nyingine. Kuna kijana alikuja na chupa ndogo isiyo na lebo, anasema ni ya kienyeji, tamu. Sisi tunaoijua lutuku, gongo ya kwetu Kongo, tusidanganyike: pombe ya namna hiyo ikiwa na methanoli inapofusha, hata inaua. Bangi nayo utanong'onezwa. Ni kosa la jinai, na hutaki kuanza kumtafuta mwanasheria Unguja huku mizigo yako iko Dar.

Pesa: tangu Machi 2025 Tanzania imekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Sisi tuliozoea kutoa dola hata kwa kununua mkate, tubadilishe shilingi mchana, kwenye duka rasmi la fedha. Usiku beba za usiku ule tu. Pasipoti ibaki chumbani, kopi iwe kwenye simu.

Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Gari linapita kijijini, watu wanakwenda msikitini alfajiri, na kitenge kimoja begani hakikuzuii kucheza. Mwezi wa Ramadhani usipange safari ya namna hii kabisa, muziki hupungua sana.

Kwa asiyependa disko, ningemwambia alale Mji Mkongwe akale kwenye vibanda vya usiku vya bustani ya Forodhani. Nilisimama muda mrefu nikimtazama mpishi wa piza ya Zanzibar: anautandaza unga mpaka unakaribia kupenya mwanga, nyama ya kusaga, kitunguu, yai linapasuliwa juu, anakunja pembe nne, anausukuma kwenye chuma cha moto. Hicho kula, kimeiva mbele yako. Mishikaki ya pweza na kamba iliyopangwa tangu jioni niliiacha, na bei niliuliza kabla ya kugusa sahani.

Nyota ya tano nimeizuilia kwa gari lenyewe. Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwepo, lakini mahali pa kuuchomeka palikuwa pamezama chini ya kiti, na barabara ile usiku ina ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Nilimwambia mwenye nyumba asubuhi. Akaahidi kutengeneza. Ukienda, jaribu kuufunga kabla gari halijaondoka.