Mionzi 35 ya saratani ya nyuma ya pua: yaliyonikuta

Kilichoanza ni sikio. La kushoto liliziba kama mtu aliyetoka kuzamia, na kituo nilichokwenda kwetu Pemba wakanipa matone kwa miezi mitano. Hilo bado linaniuma. Tezi ilipotokeza shingoni ndipo daktari mwengine akaniingiza kamera puani, akakata kinyama cha kupima. Jibu likaja: saratani adimu, iko juu kabisa ya koo, nyuma ya pua. Kisu hakifiki vizuri huko, lakini mionzi inaiweza. Nikapanda boti Mkoani, nikapitia Unguja, hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwanza niling'olewa magego mawili mabovu, nikasubiri vidonda vifunge. Niliona nacheleweshwa. Sasa namwambia kila anayeniuliza: usianze bila ya kuonwa meno, maana taya likishapigwa mionzi, ukija kung'oa jino kidonda ni shida kupona.

Kisha barakoa. Plastiki ngumu yenye matundu ilitiwa maji ya moto ikalegea kama chapati, nikafunikwa uso mpaka mabegani, ikaganda kwa sura yangu. Kila siku nilifungwa nayo mezani ili kichwa kisisogee. Mashine haiumi wala haichomi; nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy moyoni, baada ya dakika chache wanakuja kunifungua. Nikitoka, paji la uso lina alama kama nimelalia dema la samaki.

Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba, pamoja na dripu za dawa ya saratani. Wiki ya tatu kinywa kikatoka vidonda, mate yakawa ya kuvutika, shingo ikaiva ikawa nyeusi. Mke wangu alinipikia uji wa mchele kwa tui, akaupoza kwanza, na hata huo niliumeza kwa machozi. Urojo usiuguse, ile embe na pilipili ni moto mtupu. Sukutua maji ya chumvi, na fanya mazoezi ya kufungua kinywa hata kama kinauma.

Nilidhani nikimaliza nimepona. Wiki mbili zilizofuata ndizo zilizonilaza. Waambieni wagonjwa hili mapema, jamani!

Tezi imekwisha, alhamdulillahi. Mate hayajarudi sawasawa. Tende bila ya maji haishuki, na chupa nalala nayo. Ladha nayo ilipotea, kila chakula kama chaki. Mwezi wa tano tangu nimalize mionzi nilipita Wete karafuu zimeanikwa kando ya njia, nikaokota moja nikaitafuna. Ikaniwasha ulimi.