MEGA kwenye lapitopu yangu Kisumu: uzoefu wangu

Kuku wa mama kule Vihiga ndio walionifikisha kwenye programu ya MEGA. Kideri kilipofagia banda zima, nilitaka kujua seli za kuku hutambuaje kwamba mgeni mbaya ameingia, na kama hutumia vipokezi (protini za seli zinazonasa dalili za vijidudu) sawa na vyetu. Sisi tuna kumi vya jamii ya TLR, kuanzia TLR1 hadi TLR10. Kuku naye ana kumi, ila si vile vile.

MEGA ni programu ya bure ya kulinganisha mifuatano ya protini, yaani mpangilio wa asidi amino zinazoijenga kila protini, na kuchora mti wa ukoo wake. Natumia MEGA11, ya mwaka 2021. Ninachoipendea hasa ni kwamba ukishaipakua haidai intaneti. Nilikwenda saiba moja Kondele, nikachukua mifuatano kutoka UniProt, hazina ya mtandaoni ya protini, nikarudi chumbani na faili dogo kuliko picha ya simu. Kazi iliyobaki niliifanya bila bando, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliingiza kila nilichopata, pamoja na vipande visivyokamilika na nakala mbili za kipokezi kimoja, mti ukatoka hauelekei popote. Nikabakisha mfuatano mmoja kamili kwa kila kipokezi, nikaipanga upya kwa MUSCLE, zana ya kupanga mifuatano safu kwa safu, ambayo imo humo humo. TLR2 ya binadamu ina asidi amino 784, TLR7 ina 1,049, kwa hiyo mapengo yalijaa kwenye sehemu ya nje inayokutana na vijidudu. Lakini nilipofika kipande cha ndani kiitwacho TIR, chenye asidi amino kama 150, herufi, kila moja ikiwa asidi amino moja, zilisimama safu kwa safu, za kuku chini ya za binadamu. Nilizitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mti ulipotoka, TLR1, 6 na 10 zilikaa tawi moja, TLR2 karibu nazo. TLR7, 8 na 9 zikawa na tawi lao.

Kilichonishangaza ni TLR21 ya kuku. Kuku hana TLR9, ile inayotambua DNA ya bakteria. Kwake kazi hiyo hufanywa na TLR21. Nilitarajia hizo mbili zikae pamoja. Wapi! TLR21 ilijiunga na TLR13 ya panya, mbali kabisa na TLR9. Nilimpigia mama nikamweleza, akasema, "Kumbe mlinzi wa boma hili na wa boma lile hawana undugu, ila kazi ni moja." Ndiyo hasa, mama.

Usisahau namba zilizo kwenye matawi. Mimi huomba marudio 1,000 ya butistrapu, yaani mti huchorwa tena na tena kwa sampuli za data ile ile kuona tawi hurudi mara ngapi kwa mia, na tawi lililo chini ya 70 siliapii. Kuna njia zaidi ya moja ya kuchora mti. Njia ya kuunganisha majirani, ile ya Saitou na Nei ya 1987, humaliza kabla chai haijapoa. Ile ya uwezekano mkubwa zaidi iliisumbua lapitopu yangu ya zamani hadi usiku, stima ikapotea, betri imekufa, nikaanza upya. Siku hizi nahifadhi faili kabla ya kubonyeza chochote.

TLR15 ya kuku, ambayo binadamu hatuna, niliiacha nje makusudi. Jumamosi hii naiingiza.